Kuvunjwa jiwe la figo kwa mashine: chumbani safi, kaunta balaa

Nawaandikia wale walioambiwa "tutalivunja kwa mashine, hupasuliwi", wakabaki kujiuliza mashine hiyo ni mdudu gani. Mimi ni opereta wa kreni bandarini Mombasa. Kibanda chetu kiko juu, joto la Februari mnalijua, na choo kiko chini kabisa, kwa hiyo watu hubana maji ili wasishuke. Mawe ya figo si habari ngeni kazini kwetu.

Langu lilikuwa la milimita 9, figo ya kushoto, sehemu ya juu. Nilifanyiwa katika hospitali moja ya binafsi hapa mjini ambayo sitaitaja jina, mtaelewa sababu mbele.

Nianze na sifa. Daktari hakunikimbiza kwenye mashine. Alitaka picha ya CT kwanza, nikanung'unika kwa bei yake, lakini ndiyo iliyoamua kila kitu. Mashine hii hulivunja jiwe kwa mawimbi ya mshtuko yanayopita mwilini, nayo hufaa jiwe lililomo ndani ya figo lisilozidi milimita 20. Likiwa limekaa pembe ya chini ya figo, hata likivunjika vipande hukataa kutoka. Picha hiyo husoma pia ugumu wa jiwe. Kipimo hicho, kinachoitwa Hounsfield, kikipita 1000, mashine huhangaika bure. Mtu mnene naye hubahatisha, maana mawimbi yana safari ndefu kabla ya kulifikia jiwe. Mjamzito hafanyiwi kabisa. Alinipima mkojo kuona kama kuna maambukizi, akapima damu inavyoganda, akaniuliza mara mbili kama natumia aspirini. Hapo sina neno.

Chumbani unalala na kiuno kimegusa mto wa maji uliopakwa jeli. Kijana aliyekuwa akiendesha mashine alikwisha kuniweka sawa, halafu akasita, akainama kutazama, akaipangusa jeli yote na kuipaka upya. Nikamuuliza kulikoni. "Kuna viputo vya hewa, mzee. Wimbi likikutana na hewa halipiti." Mimi naendesha mtambo, namjua mtu anayeheshimu mtambo wake. Akaanza na nguvu ndogo, akapandisha polepole, pigo moja kwa kila sekunde hivi. Nilidhani wangeharakisha wamalize. Akasema mwendo wa taratibu ndio unaolisaga jiwe vizuri. Kila baada ya muda anapiga eksirei kuhakikisha shabaha haijahama, kwa kuwa figo hupanda na kushuka na pumzi.

Maumivu? Nilidungwa sindano kabla. Kila pigo lilikuwa kama kuchapwa mpira wa manati kwenye mbavu, mapigo zaidi ya elfu mbili, lakini linavumilika. Chini ya saa moja nilikuwa navaa viatu. Wagonjwa wa mwanzo walizamishwa kwenye beseni kubwa la maji. Mashine yenyewe ilitoka kwa Dornier, kampuni ya Wajerumani ya kuunda ndege, na mtu wa kwanza alitibiwa nayo Munich mwezi wa Februari 1980.

Sasa kaunta. Nilipewa bei nikaambiwa ni ya jumla. Siku yenyewe nikaongezewa eksirei, dawa, na ada ya kurudi kumwona daktari. Barua ya bima waliyosema wameituma haikuwa imetumwa, nikakalishwa kwenye benchi huku mkojo umenibana, na dada wa kaunta anazungumza na simu yake.

Lakini kilichonikera zaidi si pesa. Karatasi niliyokwenda nayo nyumbani iliandikwa "pumzika siku moja". Basi. Hakuna aliyeniambia kwamba mashine inavunja tu. Kulitoa ni kazi yako mwenyewe, na huenda ikachukua wiki kadhaa. Usiku mkojo ukaja mwekundu, kiuno kinakata. Nikapiga nambari ya dharura iliyo kwenye karatasi, ikaita mpaka ikakatika. Nikampigia shemeji yangu, ambaye ni nesi. "Shem, una homa? Unatetemeka? Mkojo unatoka?" Nikamjibu sina homa, unatoka. "Basi hiyo damu ni ya kawaida, kunywa maji na dawa zako. Ukipata homa au mkojo ukikata, usingoje asubuhi." Maneno hayo yangeingia kwenye karatasi ile bila kuongeza wino mwingi.

Chujio la chai nililitoa jikoni likawa la msalani (mke wangu amekwisha kununua jingine). Vipande vilitoka, vingine mchanga mtupu, kimoja chenye ncha kilinitoa machozi. Nikavipeleka maabara: kalsiamu oksaleti, aina inayopatikana zaidi. Daktari akanipunguzia chumvi na mchicha. Maziwa, ambayo mtaani wote walinikataza, akasema nisiache. Maji ninywe mpaka mkojo ufikie lita mbili na nusu kwa siku. Supavaiza amekubali nishuke kreni bila maswali, tutaona atavumilia mpaka lini.

Daktari na kijana wa mashine nawapa nyota tano. Kaunta nyota moja, na hiyo ni kwa sababu benchi lilikuwa na kivuli. Kabla hujalipa, waulize: jiwe lisipovunjika lote, mara ya pili inalipiwa upya? Ile nambari ya usiku inapokewa na nani? Ipigeni mbele yao muone kama inaita pale kaunta.