Mechi za Hege Riise kwenye flashi, Kamalondo: beba mechi nzima, acha za "magoli tu"

Kibanda kimoja cha kupakia video huku Kamalondo, Lubumbashi, sasa kina folda ya Hege Riise, kiungo wa zamani wa Norwe: Kombe la Ulaya 1993, Kombe la Dunia 1995, dhahabu ya Olimpiki ya Sydney 2000, mechi 188 na timu ya taifa. Tangu wanawake wa TP Mazembe, klabu ya hapa Lubumbashi, wachukue ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 2024, mabinti wanaocheza mtaani wanastahili masomo ya namna hii. Anayewafundisha aje na flashi, ila achague faili vizuri.

Zile za "magoli tu" aziache. Kazi ya kiungo iko kabla ya goli: anasimama wapi, anageuza shingo mara ngapi kabla pasi haijamfikia, anaupokea mpira kwa mguu gani. Yote hayo wameyakata. Faili ya kubeba ni fainali ya 1995, Norwe 2–0 Ujerumani, uwanja wa Råsunda. Riise anafunga dakika ya 37, Marianne Pettersen dakika ya 40, na Riise ndiye aliyepewa tuzo ya mchezaji bora wa mashindano. Mwalimu asimamishe picha kila Riise anapogusa mpira, awaulize mabinti pasi inayofuata iende wapi, ndipo aendelee.

Picha ni ya zamani, haiwezi kuwa safi kuliko ilivyorekodiwa. Faili inayoitwa HD imekuzwa tu. Inajaza flashi bure. Giga 1.5 inatosha mechi nzima. Ikishuka chini ya giga moja, majani yanakuwa ukungu wa kijani na mpira unapotea. Kwenye televisheni pana, weka picha 4:3, yaani umbo la televisheni za zamani. Ukiona mpira umekuwa yai, bado imevutwa.

Fainali ya Sydney, Norwe 3–2 Marekani kwa goli la dhahabu (goli la muda wa nyongeza linalomaliza mechi papo hapo) la Dagny Mellgren, iko kwenye faili moja inayozidi giga 4. Flashi ya FAT32, mpangilio wa kuhifadhi usiopokea faili moja ya giga 4 au zaidi, itaikataa hata ikiwa na nafasi. Omba wakukatie vipande viwili, na iwe aina ya video ya MP4, kwa sababu televisheni nyingi za zamani hazisomi aina ya MKV.

Flashi iwe tupu: virusi vya kompyuta za watu wengi hugeuza folda kuwa njia za mkato. Umeme ukikatika wakati wa kunakili, jina la faili linaweza kubaki lakini mechi inagoma katikati. Kabla ya kulipa, ruka hadi dakika za mwisho uone kama inacheza. Hapo hapo angalia na matokeo kwenye kioo, kwa kuwa faili iliyoandikwa "Ulaya 1993, Norwe–Italia" ni ile ile ya 1995 iliyobadilishwa jina. Fainali ya 1993 iliisha 1–0.