Papineau na Mount Royal: majimbo ya baba na mwana

Majimbo haya mawili ya uchaguzi yako Montreal, Kanada, na kila moja limempeleka bungeni Ottawa Trudeau mmoja aliyekuja kuwa waziri mkuu: baba, Pierre, na mwanawe, Justin. Hapo ndipo mfanano unapoishia.

Mount Royal ni ngome hasa. Tangu 1940 halijamchagua mbunge asiye wa chama cha Liberal, chama cha akina Trudeau. Pierre Trudeau alilishika kuanzia 1965 hadi 1984, akafuatwa na Sheila Finestone, Irwin Cotler, na tangu 2015 Anthony Housefather. Hata 1984, Wahafidhina walipozoa viti 211 kati ya 282, hapa waligonga mwamba.

Papineau lina vituko zaidi, nami ndilo linalonivutia. Mbunge wake wa kwanza, 1949, alikuwa mgombea huru: Camillien Houde, aliyekuwa pia meya wa Montreal. Mwaka 2006 Vivian Barbot wa Bloc Québécois, chama kinachotaka Quebec ijitenge na Kanada, mzaliwa wa Haiti, alimwangusha Pierre Pettigrew wa Liberal, waziri wa mambo ya nje! Justin Trudeau alilirudisha kwa Liberal 2008 kwa taabu. Jina la baba halikumpa mteremko. Alipoondoka 2025, kiti kilichukuliwa na Marjorie Michel, naye mzaliwa wa Haiti, safari hii kwa tiketi ya Liberal.