Genge la matunda Majengo: mapera ndiyo yanayonirudisha

Mimi ni fundi cherehani hapa Dodoma, siku nzima nimekaa. Mwaka juzi nilipima nikakutwa na sukari, na swali lililonisumbua lilikuwa moja: matunda nile au niache? Mtaani kila mtu ana jibu lake. Mmoja alinikataza hata ndizi. Mwingine akaniambia ninywe juisi kwa wingi kwa kuwa ni kitu cha asili, na huyo ndiye niliyemsikiliza. Wiki tatu nikanywa glasi mbili kila siku kwenye kibanda kimoja jirani na ofisi yangu, kipimo kikazidi kupanda. Kumbe kijana alikuwa anamimina sukari kwenye blenda. Lakini nesi wa kliniki aliniambia hata isingekuwepo sukari hiyo bado ningeumia: glasi moja inabeba machungwa matatu au manne, nyuzinyuzi zinaishia kwenye chujio, na utamu unaobaki unaingia kwenye damu haraka. Akasema nile tunda zima, tena kwa kiasi.

Ndivyo nilivyofika kwenye genge hili, nyuma ya soko la Majengo, meza mbili za mbao chini ya turubai la bluu. Mama mwenyewe akikuona tu, anakusalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi, fundi!" hata kama mko watatu kwenye foleni.

Nianze na mapera, maana ndiyo yanayonitoa nyumbani. Fungu la matano ni shilingi 1,000. Kabla hujalipa, mama anachukua moja, analipasua kwa kisu kidogo cha mpini mwekundu na kukuonyesha ndani. Likiwa na funza, fungu zima linaondoka mezani. Sijaona muuzaji mwingine anayefanya hivyo. Na pera ni tunda la kuheshimiwa: gramu 100 zina vitamini C zaidi ya miligramu 200, wakati chungwa lina kama 50. Sukari yake ni ndogo, nyuzinyuzi ni nyingi, hasa ukilila na ganda na mbegu zake. Mimi nala mawili saa nne, badala ya chai na maandazi. Njaa hainisumbui mpaka mchana.

Ubuyu nao upo, kwenye ndoo nyeupe yenye mfuniko. Naomba tuelewane: nasema unga wenyewe, ule mweupe wenye uchachu ulimini, siyo ule mwekundu wa sukari na rangi wanaonunua watoto. Sisi wa Dodoma tunapita chini ya mibuyu kila siku halafu tunakwenda kutoa shilingi 1,000 kwa tufaha moja lililosafiri kutoka Afrika Kusini. Tufaha si baya, lakini kwa vitamini C na kalsiamu halifiki hata karibu na ubuyu. Mama alinifundisha kuukoroga kwenye maji ya kawaida, bila kuchemsha, kwa sababu moto unaua vitamini C. Vijiko viwili kwenye kikombe, bila sukari. Siku za kwanza utakunja uso, baadaye utauzoea.

Zabibu anauza msimu wetu ukifika, Februari na Machi, kisha tena Agosti na Septemba. Ni zile nyeusi zenye mbegu, nyingine bado zina vumbi la shamba. Ni tamu sana, na hapo ndipo mwenye sukari ajihadhari: nahesabu punje kumi na tano, nafunga mfuko. Zioshe vizuri nyumbani, maana mizabibu hupigwa dawa ya ukungu. Mama huwa anakumbusha hilo bila kuulizwa.

Parachichi za Njombe, nanasi na papai ni nzuri, bei ya kawaida. Parachichi lina sukari kidogo mno na linashibisha, nusu yake na ugali wa mtama na mlenda ni chakula kamili. Balungi nililiacha baada ya daktari kuniambia linagombana na baadhi ya dawa za presha. Kama unameza dawa, uliza kwanza.

Sasa kinachoniudhi. Bakuli za matunda mchanganyiko za shilingi 1,500 anazikata alfajiri na kuzifunika kwa nailoni. Kufika saa nane papai limeshatoa maji na tikiti limelegea, na upepo wetu wa Agosti mnaujua, vumbi linapita popote. Nilimwambia, "Mama, ungekata mteja anapofika." Akakubali kuwa ni kweli, lakini wafanyakazi wa ofisini wanataka wakute tayari. Namwelewa, ila bakuli hilo mimi silinunui tena, na wewe usilinunue baada ya saa tano. Jambo jingine, genge halina maji ya bomba. Kisu anakifuta kwa kitambaa, na kitambaa hicho kingebadilishwa mara kwa mara zaidi.

Pamoja na hayo, sijahama. Kipimo changu cha asubuhi kimeshuka, dawa nameza kama nilivyoandikiwa, na matunda sikuyaacha.

Ukienda, nenda kabla ya saa tatu. Mapera yanaisha mapema, hasa Jumamosi, na kwa ubuyu beba kopo lako mwenyewe, atakupimia kwa kijiko cha mti na kukuongezea kidogo.