Bofya "ng'ombe" mara mbili: uzoefu wangu na programu tano za kuandikia

Andika neno ng'ombe, kisha libofye mara mbili. Kwenye Microsoft Word na LibreOffice Writer litachaguliwa zima. Kwenye VS Code, Notepad++ na Vim utapata "ng" peke yake au "ombe" peke yake, kutegemea kishale kilikuwa upande gani wa ritifaa. Nimezitumia zote tano kwa Kiswahili, Kiingereza na Luganda, na hapo ndipo ninapoanza kupima programu yoyote mpya, kabla hata ya kutazama rangi na fonti zake.

Programu haijaharibika. Kila moja ina orodha ya alama zinazohesabiwa kuwa mwisho wa neno. VS Code na wenzake walitengenezewa watu wa kodi, yaani wanaoandika maagizo ya programu za kompyuta, na kwenye kodi ritifaa hufungua na kufunga maandishi, kama 'jina'. Ukibofya hapo unataka jina bila alama zake. Kwa mwandishi wa Kiswahili ritifaa ya ng' ni sehemu ya sauti, kwa hiyo kung'oa, ng'ambo na ng'ang'ania zote hukatika vipande.

Luganda ndiyo inayotatiza zaidi. Katika n'omwana, ritifaa inaunganisha maneno mawili, na mara nyingi mhariri anataka omwana tu, jambo ambalo VS Code inampa bila kuombwa. Lakini kwa kuwa kibodi zetu nyingi hazina herufi ŋ, watu huandika ng' badala yake, na hapo mhariri huyohuyo anataka neno lisikatwe. Hakuna mpangilio mmoja utakaomridhisha katika sentensi yenye yote mawili. Anayeweza kuingiza ŋ halisi aitumie, kwa sababu hiyo ni herufi kama herufi nyingine na programu zote tano zinaitambua hivyo.

Kwa Kiswahili dawa ipo. Kwenye VS Code bonyeza Ctrl na mkato, tafuta wordSeparators, kisha futa ritifaa ndani ya ule mstari wa alama. Usiguse alama nyingine. Ukiishia hapo utakuwa umebadilisha hata faili za kodi, na 'jina' itaanza kuchaguliwa pamoja na alama zake. Mimi nimeiweka ndani ya settings.json, faili ya mipangilio ya VS Code, chini ya "[markdown]" na "[plaintext]" pekee, yaani aina za faili za maandishi ya kawaida, kodi ikabaki kama ilivyokuwa.

Kwenye Notepad++ ingia Settings, Preferences, kisha Delimiter. Chagua mstari wa pili unaoruhusu kuongeza herufi zako na uandike ritifaa. Programu yenyewe inakuonya pale usiichague kama hujui unachofanya. Onyo ni la haki, ila kwa ritifaa sijaona madhara nje ya kodi. Kwenye Vim amri ni :set iskeyword+=39, kwa kuwa 39 ndiyo namba ya ritifaa. Ili isisumbue kodi, weka kwenye vimrc, faili ya mipangilio ya Vim, mstari huu:

autocmd FileType text,markdown setlocal iskeyword+=39

Kuna mtego mmoja. Word hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda wakati unaandika. Ukibandika maandishi hayo kwenye VS Code, ng’ombe wa ritifaa iliyopinda atachaguliwa mzima hata kabla hujarekebisha chochote, kwa sababu alama hiyo haimo kwenye orodha. Katika faili moja ng'ombe mmoja anakatika na mwingine hakatiki, nawe unadhani kompyuta ina wazimu. Zibadilishe zote ziwe za aina moja kwanza, la sivyo hata kutafuta neno kutakuletea nusu tu ya majibu.

Sasa Word, ambayo ndiyo iko kwenye kompyuta nyingi za wachapaji, hapa Kampala kuanzia Nasser Road hadi vibanda vya Wandegeya wanakochapiwa wanafunzi wa Makerere. Ugomvi wake ni mwingine. Ukiburuta kipanya kutoka katikati ya neno ukavuka nafasi kuingia neno linalofuata, Word inajiamulia kuwa unataka maneno yote mawili mazima. Anayehariri Kiingereza huifurahia, kwa kuwa huko mara nyingi neno huondolewa lote na kuwekwa jingine. Lugha zetu zinabandika viambishi mbele ya mzizi, na kazi kubwa ya kuhariri iko ndani ya neno.

Chukua "walifika Gulu wakaondoka". Unataka ibaki "waliondoka" tu. Njia fupi ni kuchagua kuanzia f ya "fika" mpaka mwisho wa "waka", kisha kufuta: "wali" na "ondoka" zinakutana zenyewe. Word ikiwa kwenye mpangilio wake wa kawaida inameza maneno yote matatu. Kuizuia, nenda File, Options, Advanced, na juu kabisa kwenye sehemu ya Editing options ondoa tiki kwenye "When selecting, automatically select entire word". Kama kompyuta ni ya ofisi na hutaki kugusa mipangilio ya mwenzako, weka kishale kabla ya f, shika Shift, na usogee kwa vitufe vya mishale. Mpangilio ule unahusu kipanya pekee. Au rudisha kipanya nyuma kidogo huku umeshikilia: Word hulegeza na kwenda herufi kwa herufi. Hii ya mwisho inataka kipanya halisi. Kwa kidole kwenye padi ya laptopu ni mateso.

Usiondoe tiki ya "Use smart cut and paste" kwa hasira hiyohiyo. Word ikichagua neno kwa kubofya mara mbili huchukua pia nafasi inayofuata, na mpangilio huu ndio unaorekebisha nafasi unapokata na kubandika.

Kuchagua sentensi nzima nako kuna tofauti. Word inataka Ctrl pamoja na kubofya mara moja, na kubofya mara tatu kunachukua aya. Kwenye Writer kubofya mara tatu ni sentensi, mara nne ndiyo aya. Aliyezoea moja hufuta kidogo au kingi kwenye nyingine. Zote mbili zinadanganywa na nukta: "Mhe. Spika" na "Dkt. Okello" huonekana kama mwisho wa sentensi. Kwa kumbukumbu za mikutano, zilizojaa vyeo, mimi huacha kipanya na kutumia F8 ya Word: mara ya kwanza inawasha, ya pili neno, ya tatu sentensi, ya nne aya, ya tano hati yote. Esc inazima. Laptopu nyingi zitataka ushike Fn pamoja nayo.

Wahasibu watapata shida na 1,500,000/=. VS Code na Vim hukata kwenye kila mkato, ukabaki na 500 au 000. Kwenye Vim, viW huchukua kila kitu mpaka nafasi, ukiwemo mkato wa sentensi ukifuata.

Kuchagua wima, kwa mfano kufuta namba zilizoandikwa kwa mkono upande wa kushoto wa orodha: Word na Notepad++ ni Alt na kuburuta, VS Code ni Shift na Alt. Kwenye Word anza kuburuta mara moja, maana Alt na kubofya bila kusogea hufungua paneli ya utafiti. Tena tumia fonti ya upana mmoja, kama Courier New, la sivyo mstari wa wima utapita katikati ya herufi.

Kwa kazi ya Kiswahili nachagua Word iliyoondolewa ile tiki, na VS Code kwa faili nyepesi. Vim naipenda, ila simpi mchapaji anayeanza. Humo, v, inayoanza kuchagua, ikifuatwa na w inachukua pia herufi ya kwanza ya neno linalofuata, kwa hiyo tumia e, au :set selection=exclusive. Na maandishi yakiwa yamechaguliwa usibonyeze u ukidhani unatengua kosa: herufi kubwa zote zitageuka ndogo. Bonyeza u tena, sasa ndiyo itatengua, kwa kuwa uchaguzi umeshafungwa.