Uzoefu wangu na draiva ya kichwa cha 460 kwa anayeanza gofu

Kwa mtu anayeanza gofu, ninashauri bila ya kusita achukue draiva, yaani fimbo ndefu ya kupigia pigo la kwanza la mbali, yenye kichwa cha sentimita za ujazo 460, mradi mwinamo wa uso wake (jinsi uso ulivyolala nyuma) usipungue nyuzi 10.5 na ufito wake, mti wa fimbo, usiwe mrefu kuliko anavyoweza kuumudu. Fimbo ya namna hiyo nimekuwa nikiitumia tangu msimu wa kusi uliopita katika uwanja wa mashimo 9 wa Sea Cliff, huko Mangapwani, Unguja, na kabla ya kuinunua nilipigia kwa muda fimbo ya kuazima yenye kichwa cha 440. Ninayoyaeleza hapa, kwa hiyo, yametokana na kuzilinganisha fimbo mbili uwanjani, wala si na matangazo ya wauzaji.

Namba 460 ndiyo kikomo cha ukubwa kilichowekwa na wasimamizi wawili wa kanuni za mchezo huu duniani, R&A ya Uskoti na USGA ya Marekani, na kinaruhusiwa kuzidi kwa 10 tu ili kufidia tofauti ndogo za utengenezaji na upimaji. Vichwa havikuwa vikubwa hivi siku zote. Kampuni ya Callaway ilipoitoa Big Bertha mwaka 1991, draiva iliyosifiwa kwa ukubwa wake, kichwa chake kilikuwa cha 190 tu. Ninalitaja hili kwa sababu wengi wetu Unguja tunaanza na fimbo za mkono wa pili, na mtu huweza kuuziwa draiva ya miaka ya 1990 kwa bei ndogo akadhani amepata nafuu, ilhali chombo hicho kitamsumbua tangu siku ya kwanza.

Jambo lililonishangaza nilipozishika fimbo zile mbili ni kwamba uzito wao haukutofautiana sana. Kichwa cha draiva ya kisasa huwa na karibu gramu 200, kiwe kikubwa au kidogo, kwa sababu ndani ni kitupu na gamba lake la titani au kaboni ni jembamba sana. Anayeiogopa 460 kwa kudhani itamchosha mabega aondoe hofu hiyo. Ukubwa una kazi nyingine kabisa. Mpira unapogongwa pembeni mwa kitovu cha uso, kichwa hujizungusha, uso ukaacha kuelekea ulikokusudiwa na nguvu ikapotea. Katika kichwa kikubwa fundi hupata nafasi ya kuutupa uzito nyuma na pembeni, na uzito uliokaa mbali na kitovu hukifanya kichwa kiwe kigumu kuzungushwa, kama ngalawa inavyotulia juu ya maji kwa sababu ya matengo yaliyotupwa mbali na mtumbwi wenyewe.

Ili kuliona hili kwa macho, nilipaka poda ya watoto kwenye uso wa kila fimbo na kupiga mipira kwa zamu, kisha nikazitazama alama. Ningependa kila mwanafunzi wa gofu afanye hivi, kwa kuwa poda haigharimu kitu na inasema kweli. Alama zangu zilitawanyika kwa namna ileile katika fimbo zote mbili: nyingine karibu na kisigino, upande wa ufito, nyingine kwenye ncha, upande wa nje, chache katikati. Kichwa kikubwa, basi, hakikuniongezea ustadi hata chembe. Tofauti ilikuwa kwenye mwendo wa mpira. Kwa ile 440, mpira uliogongwa na ncha ulitoka chini, ukafa mapema na mara nyingi ukaishia vichakani. Kwa 460, kosa lilelile liliupunguzia mpira umbali, lakini aghalabu niliukuta kwenye majani mafupi, mahali ninapoweza kupiga pigo la pili. Kwa anayejifunza, kupata pigo la pili lenye maana ndiko kunakomfanya arudi uwanjani wiki inayofuata.

Hata hivyo, kichwa kikubwa kina tatizo moja ambalo wauzaji hawalitaji. Kitovu cha uzito wake kiko mbali na ufito, na hivyo huchelewa kufunga uso unapoufikia mpira. Kwa sisi tunaopiga kwa mkono wa kulia, uso uliobaki wazi huupeleka mpira kulia na kuupinda zaidi kulia, ugonjwa ambao karibu kila anayeanza anao. Dawa si kukimbilia kichwa kidogo. Zipo draiva za 460 ambazo uzito wake umesogezwa upande wa kisigino ili uso ujifunge mapema, na hiyo ndiyo aina niliyoichagua. Upindaji haukwisha, lakini umepungua kwa kiasi cha kuonekana.

Kuhusu mwinamo, nilikutana na rai ambayo siikubali. Wapo wachezaji wazuri wanaosema kwamba uwanja wa pwani unaopigwa na kusi na kaskazi unataka draiva ya nyuzi 9, mpira upite chini ya upepo. Rai hiyo inamfaa mwenye mkono wa kasi. Mwenye kasi ndogo hupata mpira usiopanda kabisa, tena kadiri uso unavyosimama wima ndivyo mpira unavyopinda zaidi pembeni ukigongwa na uso uliofunguka. Yangu ni ya nyuzi 12. Upepo wa mbele hunipokonya umbali kweli, nami ninaikubali hasara hiyo. Mwalimu wetu alipoulizwa uwanjani alisema maneno machache tu: “Sheikh, kwanza mpira upande, upepo tutakuja kuuzungumza.”

Draiva nyingi za dukani huwa na urefu wa kati ya inchi 45 na 46. Mimi hushika chini kidogo ya mwisho wa kishikio, umbali wa inchi moja hivi, na alama za poda husogea karibu na katikati. Tena uso wa 460 ni mrefu kwenda juu, kwa hiyo vitii (vijiti vya kuwekea mpira) vifupi vya fimbo za chuma havifai. Unataka kitii kirefu kitakachoacha karibu nusu ya mpira juu ya ukingo wa kichwa. Sauti yake ni kubwa kuliko ya ile ndogo, lakini masikio huzoea.

Kwa atakayenunua kutoka kwa mtu, fimbo bandia zenye majina makubwa zipo sokoni, na jina lililoandikwa kwenye kichwa si ushahidi. Tazama namba ya utambulisho karibu na shingo ya fimbo, linganisha rangi na maandishi na picha za mtengenezaji mwenyewe, kisha tafuta muundo huo katika orodha ya vichwa vya draiva vilivyoidhinishwa, ambayo R&A huitoa kwenye intaneti bila ya malipo. Gonga gamba la juu kwa kidole na utikise kichwa: kikitoa mlio wa kitu kilicholegea ndani, huenda ni gundi iliyobanduka au ufa umeanza. Kishikio cha mpira ndicho kinachochakaa haraka katika joto na jasho la visiwani, lakini kubadilisha ni kazi ndogo, kwa hiyo kisikukatishe tamaa ya fimbo nzuri. Mwombe muuzaji apunguze bei kwa ajili yake.