Hiace ya kulalia, Ruaha Mbuyuni mpaka Tukuyu: hili droo limenichosha

Oya niaje watu wangu, niko Tukuyu, mnasikia hiyo mvua juu ya bati, huku ukiona haijanyesha ujue inajipanga. Samahani kwa kupotea wiki tatu, maiki ilikufa, sasa nimepata nyingine, sabskraibu basi nisijione nimepoteza hela.

Gari ni Hiace ya kukodi, injini siongelei, mmeipanda tangu mnasoma. Wameng'oa siti, wakaweka kitanda, sola na friji dogo, safi. Mi nataka tuongelee droo. Hili la nyuma, la jiko, kamera njoo huku.

Angalieni. Nanyanyua buti, navuta, jiko la gesi linatoka lote, unakatakata kitunguu umesimama, raha. Sasa narudisha. Mmesikia klik? Hata mimi nilisikia klik. Sasa navuta kwa kidole kimoja, kimoja tu jamani… si hilo limetoka! Lachi ya plastiki hii ya kufungia droo, kama ya midoli.

Ruaha Mbuyuni nilinunua vitunguu ndoo nzima nikavimwaga humu, tukapanda mlima Kitonga nyuma ya semi, zile kona mnazijua, gari imeinua pua na droo linateleza taratibu mpaka limeegemea mlango, mimi dereva sina habari. Nafika Ilula nataka nyanya, nafungua buti, mwaaa, vitunguu vyote chini, kimoja nimekifukuza mpaka chini ya tenga la mama mmoja, kacheka huyo, "Pole baba, umekuja kununua au kuuza?"

Makambako nikanunua mpira wa kufungia mizigo kwenye bodaboda, huu hapa, buku mbili, halijafunguka tena. Na lazima ufunge maana njia hii hupiti mikono mitupu, Igurusi mchele, Uyole viazi, yani ukisimama kuchimba dawa tu unarudi na gunia.

Bei sasa, laki mbili kwa siku mafuta juu yako, mi naona imezidi, kwa lachi ile imezidi sana. Kuna wanaosema chukua Land Cruiser yenye hema juu ya paa, imara kweli, ila saa nane usiku mkojo umekubana, mvua hii, ngazi ile, nani ashuke?

Ila niseme ukweli, jana nimepika ndizi hapa hapa, buti liko juu kama kibaraza, mvua inamwagika pembeni mi mkavu, nikajikuta nalisamehe droo. Kidogo.

Kesho tunashuka Kyela, mchele na kokoa, mpira wa pili nishanunua.