Sinema ya bure chuoni: filamu moto, spika aibu

Jana nilikua kwa shoo ya dokumentari ya klabu ya haki za binadamu hapa chuoni Mombasa, kiingilio bure, wakaweka The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, ile ya kule Kilifi, kijana Karisa anarudi kijijini sababu nyanyake anaitwa mchawi. Filamu yenyewe sina neno. Nyanya huyo anajilimia shamba lake polepole huku watu wamelitolea macho, mpaka unaona kabisa uchawi ni kisingizio, kinachotafutwa ni ardhi.

Sasa shida. Tuliambiwa saa kumi na moja, wameanza kumi na mbili na robo, waya wa projekta haujulikani uko wapi, spika moja nayo inakwaruza, na maneno mengi ni Kigiriama kwa hivyo ukikaa nyuma na kichwa cha mtu kikuzibie maandishi ya chini basi ushapotea.

Ila mjadala ndio ulinibeba. Mama mmoja wa Ganze, hukohuko Kilifi, akasema kwao wazee wanapaka nywele rangi, mvi zikionekana ni kesi ya uchawi. Ukumbi kimya, hata wale wa simu wakazima. Kisha likapita daftari la kwenda kuwatembelea wazee waliokimbilia Kaya Godoma, kituo cha kuwahifadhi wanaosingiziwa uchawi, mi huwa siamini haya madaftari lakini hili lilikua na tarehe na nauli kabisa, nikaandika jina.

Nyota nne. Ya tano mtaipata mkinunua spika.